Dokta Anajua, Mama wa Chai Anatembea

Alikuja zahanati ya chuo Jumanne moja, kichwa kinamgonga tangu alfajiri. Mhadhiri mwandamizi, miaka 51, shahada ya uzamivu kaichukulia Ulaya, ndiyo maana nitamwita Dokta, sauti iliyozoea ukumbi wa wanafunzi mia tatu. Presha iko juu, 148 kwa 94. Nikamwacha atulie dakika tano, miguu chini, mgongo umeegemea, nikapima tena: 146 kwa 94. "Ni foleni hiyo, sista," akasema. "Nimekaa barabarani saa mbili nzima." Foleni ya Dar naijua, naipanda kila siku. Lakini presha ya namna hiyo ilikuwa ya tatu kwake tangu mwaka uanze, na mojawapo tuliipima wakati wa likizo, barabara tupu.

Mimi ni muuguzi. Chuo ni cha umma, kiko Dar es Salaam, jina lake naliacha, na Dokta nimembadilishia mambo mawili matatu ili hata jirani yake wa ofisi asimtambue. Wiki hiyo tulikuwa tunapitisha dodoso la afya kwa wafanyakazi. Sehemu ya kwanza inapima ujuzi kuhusu mazoezi, ya pili mtazamo, ya tatu ni lile dodoso la Shirika la Afya Duniani lenye maswali 16, linalouliza mwili unashughulika kiasi gani kazini, njiani na wakati wa mapumziko, kisha linauliza unakaa saa ngapi kwa siku. Nikampa ajaze wakati tunasubiri kupima mara ya tatu.

Sehemu ya ujuzi alipata zote. Pembeni akaongeza kwa mkono kwamba mtu mzima anatakiwa dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za nguvu, na misuli ifanyishwe kazi angalau siku 2. Swali moja alilisahihisha kwa kalamu nyekundu kwa sababu tulikuwa tumelitunga vibaya. Mwalimu ni mwalimu. Sehemu ya mtazamo akateremka nayo tiki kwa tiki: mazoezi ni muhimu, nakubali sana, mazoezi huzuia kisukari, nakubali sana, mwajiri awawezeshe wafanyakazi, nakubali sana, na mstari chini yake. Sehemu ya tatu ilinishtua. Kazini sifuri. Njiani sifuri. Mapumziko sifuri. Kukaa: saa 11.

Siku hiyohiyo alasiri nilimjazia fomu mama anayehudumia chai katika jengo la Dokta. Mwajiri wake ni kampuni ya usafi, umri miaka 57, na magoti yanamsumbua. Ujuzi alikosa karibu yote. Dakika 150 hajapata kuzisikia. Nilipomuuliza swali letu la utangulizi, "Je, unafanya mazoezi?", alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama anamiliki boti. "Mwanangu, mazoezi na mimi wapi na wapi? Muda huo nautoa wapi?" Nikaandika hapana, nikaingia maswali 16. Hapo ndipo nilipoanza kuona haya.

Daladala inamshusha barabara kuu saa 12 asubuhi. Kutoka pale hadi jengoni ni dakika 35 kwa miguu, bajaji ipo lakini bajaji ni pesa ya mboga. Jioni anarudi njia hiyohiyo. Siku 6 kwa wiki. Hizo ni dakika 420. Dodoso lile huhesabu kwa MET, yaani mwili unatumia nguvu mara ngapi kuliko ukikaa kimya, na kutembea kwa kawaida huhesabiwa 4. Mara 420, ni 1,680 kwa wiki. Kiwango cha chini kinachotakiwa ni 600. Hapo bado hajashika fagio wala hajapandisha chupa za chai ghorofa ya tatu. Nilipomwambia kwamba kwa hesabu za wakubwa anafanya mazoezi karibu mara tatu ya kinachotakiwa, alicheka mpaka akashika meza. "Kumbe hayo ndiyo mazoezi? Basi mimi niko timu ya taifa."

Watu wawili, jengo moja. Mmoja anajua kila kitu na hasogei, mwingine hajui chochote na hatulii. Kama tungeishia kwenye sehemu mbili za mwanzo za dodoso, tungeandika ripoti kwamba wahadhiri wako vizuri na wahudumu wanahitaji elimu, kisha tungewaitia wahudumu semina.

Neno lenyewe linatuponza. Kwa Kiswahili tuna mazoezi ya hesabu, mazoezi ya kwaya, mazoezi ya timu: jambo la kurudiarudia makusudi mpaka uive. Lina muda wake na mavazi yake, na lazima ulikusudie. Kulima si mazoezi, ni kilimo. Kudeki ni kazi. Kutembea kwa sababu nauli haitoshi ni shida, na shida haijazwi kwenye fomu kwa majivuno. Wataalamu wanaandika "shughuli za mwili" na "kuushughulisha mwili". Nimeyasikia semina, stendi sijayasikia. Tangu siku ile sianzi tena na "unafanya mazoezi?" Naanza na "asubuhi umefikaje hapa?"

Turudi kwa Dokta. Nilimwomba anisimulie Jumatatu yake kama anavyoisimulia kwa mtu asiyemjua. Anaamka saa 10 na nusu alfajiri ili aikwepe foleni, na bado inamkuta. Gari analiegesha chini ya mwarobaini ulio karibu kabisa na mlango. Akikuta pameshachukuliwa siku yake inaanza vibaya. Ofisi ghorofa ya tatu, kwa lifti. Saa 4 chai inafika mezani, na vitumbua viwili. Kipindi anafundishia kompyuta ilipo, amesimama, lakini amesimama mahali pamoja. Mchana wali unaletwa kwenye kontena. Alasiri ni kikao, na kikao cha idara kikianza hujui kitaisha lini. Baadaye ni kusahihisha. Saa 11 jioni kazi imekwisha, lakini hatoki, kwa sababu ukitoka saa 11 unafika nyumbani saa 2, na ukitoka saa 1 na nusu unafika saa 2 na nusu. Kwa hiyo anakaa ofisini akisubiri barabara ipumue, anasoma habari kwenye simu. Masaa mawili na ushei. Niliyazungushia duara kwenye daftari langu bila kumwambia.

Kuna utafiti wa zamani ninaopenda kuwasimulia wagonjwa wangu kwa sababu kila mpanda daladala anauelewa papo hapo. Mwaka 1953, Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa mbili. Dereva anakaa zamu nzima. Konda anapanda na kushuka ngazi kukata tiketi, mamia ya ngazi kwa siku. Kampuni moja, basi moja. Makonda waliugua moyo kidogo kuliko madereva, na waliougua walichelewa kupatwa na hawakufa kwa wingi kama wale. Dokta aliujua utafiti huo, na akaniongezea kipande nilichokuwa sikijui: Morris mwenyewe alirudi mwaka 1956 akachambua sare za kazi, akakuta suruali za madereva zina viuno vipana kuliko za makonda, hata za vijana. Yaani huenda waliochagua usukani walikuwa tayari tofauti na waliochagua tiketi. "Kwa hiyo usinihukumu kwa kiti tu, sista." Alikuwa sahihi. Ni mtu wa kuijua hoja na kinyume chake, na akabaki amekaa baina yao.

Na ujuzi wake, nilipouchokonoa, ulikuwa na mambo mawili yaliyomkalisha zaidi. La kwanza, aliamini mwendo usiofika dakika 10 mfululizo hauhesabiki. Hiyo ndiyo iliyokuwa kauli ya mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2010. Ule wa 2020 uliifuta, na sasa hata dakika mbili za ngazi zinaingia kwenye hesabu. La pili, hatua 10,000. Alishapakua programu ya kuhesabu hatua, akaona kila jioni amepata elfu mbili na kidogo, akaifuta kwa hasira. Ile 10,000 haikutoka maabara. Ilitoka Japani mwaka 1965, muda mfupi baada ya Olimpiki ya Tokyo, kwenye kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa kwa jina lenye maana ya kipima hatua elfu kumi. Mwaka 2019 I-Min Lee na wenzake walichapisha matokeo ya wanawake wazee zaidi ya 16,000 wa Marekani: waliofikisha hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko wenye hatua chache zaidi, na faida ikaendelea kupanda mpaka kama 7,500, kisha ikatulia. Kwa mtu wa elfu mbili, habari ya 4,400 ni mlango. Habari ya 10,000 ni ukuta.

Sasa niseme tulichokuwa tumekifanya sisi, maana haya hayakuanza siku ile.

Desemba 2016, Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kuwa ya mazoezi. Ofisi nyingi ziliitika. Kwetu tulikimbia mchakamchaka, watu wakakumbuka shule, fulana zikagawiwa. Baada ya muda tukabaki wachache walewale, ambao hata bila kampeni wangekimbia. Tukafanya semina pia. Nilitoa mada mwenyewe: madhara ya kukaa muda mrefu. Tulikaa tangu saa 3 hadi saa 9 alasiri, chai ikaletwa mezani, hakuna aliyecheka, na mimi mwenyewe sikuliona hilo mpaka usiku nikiwa nyumbani.

Bonanza ndilo lililomwumiza. Siku ya michezo ya wafanyakazi, idara zikapambanishwa kuvuta kamba, na Dokta, mtu wa kilo 96 ambaye hajavuta hata ndoo miaka kumi, akawekwa nyuma kabisa kwa sababu ya uzito wake. Walishinda. Alichechemea wiki mbili. Tangu hapo akiulizwa mazoezi anashika nyuma ya paja. Bonanza ni tamu, linaleta undugu kazini, silipingi. Ila kumtoa mtu kitini mara moja kwa mwaka na kumkabidhi kamba ni kutafuta mgonjwa.

Daktari wetu alimwanzishia kidonge cha presha, nami nikapewa kazi ya kumfuatilia. Tukakubaliana jambo dogo: kumbi za mihadhara ziko kama dakika 8 kutoka jengo lake, awe anakwenda kwa miguu badala ya gari. Siku tatu tu, akaja kunirudishia ushauri wangu.

Siku ya kwanza, magari manne yalisimama. "Dokta, gari limepata nini?" "Panda, panda, jua hili!" Mmoja alikuwa mwanafunzi wake mwenye gari zuri kuliko lake. Kukataa lifti kwetu si jambo jepesi, unaonekana unaringa au una kinyongo. Akapanda gari la pili. Siku ya pili alikataa wote, akafika ukumbini jasho limelowesha shati mpaka kwenye tai, mwezi Machi, ule unyevunyevu wa Dar usioachia mtu. Akafundisha saa mbili anajihisi ananuka. Pa kuoga hapakuwapo, si kwenye jengo la kumbi wala kwenye la ofisi. Siku ya tatu, mwenzake alimvuta pembeni kwa upole wa kweli, akamwuliza kama mambo ya nyumbani yako sawa, na kama ni mkopo umemkaba, waseme na watu wa SACCOS.

Dodoso letu la mtazamo halina swali la aina hiyo. Linamwuliza mtu yeye anaonaje, haliulizi watu watamwonaje. Mtu mzito kwetu haonekani kwa miguu saa 6 mchana. Hata mwili wenyewe una siasa yake: ukinenepa unaambiwa umependeza, mambo yamekunyookea, ukipungua kilo tano wanakuuliza unaumwa. Mwenzake mmoja wa kike, mhadhiri wa ghorofa hiyohiyo, aliniambia kwake ni mara mbili ya hayo. "Saa 11 alfajiri naandaa watoto wa shule, saa 1 usiku niko jikoni. Na hiyo saa moja nikiipata, nikimbie wapi? Bodaboda wapige miluzi, jirani aulize naenda kwa nani giza lote hilo?" Anatembea chumbani akizungumza na simu. Chake ni kisa kingine, kinastahili karatasi yake.

Kilichofungua njia hakikutoka zahanati. Mama wa chai alifiwa na kaka yake Muheza, akaondoka wiki mbili. Chai ikaendelea kupikwa kwenye jiko la chini, lakini hakuna wa kuipandisha. Siku mbili za mwanzo watu walilalamika, ya tatu wakaanza kushuka. Na kwa kuwa lifti ile huchelewa, wakashuka kwa ngazi. Dokta alikuwa anashuka na kupanda ghorofa tatu mara mbili kwa siku bila kuita jambo hilo mazoezi, na nadhani ndiyo maana halikumkwaza. Chini walikuta kivuli na mabenchi, maongezi yakanoga. Watu wa ghorofa ya kwanza na ya tatu waliokuwa wanaandikiana barua pepe wakawa wanamaliza mambo kwa kikombe.

Mama aliporudi nilimkimbilia na pendekezo kwamba chai ibaki chini moja kwa moja. Hakufurahi. "Chai ikibaki chini, mimi nitabaki na kazi gani? Hawa wa kampuni wakiona sipandi, mwezi ujao hawanioni." Sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo. Niliona ngazi za Dokta, sikuona kibarua chake. Ilibidi msimamizi wa jengo aandike barua kwamba huduma ya chai ni yake, chini, pamoja na usafi wa eneo lile, ndipo akatulia. Magoti yake yanashukuru. Kupandisha chupa tatu za lita tano ghorofa tatu, huku umeshatembea dakika 35 na hujala, kunaweza kujaza fomu vizuri bila kumjenga mwenye goti bovu. Fomu inahesabu dakika, haiulizi nani ana haki ya kupumzika.

Baada ya ngazi ndipo nilipomwonyesha Dokta lile duara kwenye daftari, masaa mawili ya kusubiri foleni. Muda anao, tena kila siku, na jua limeshashuka. Akaniuliza watu watasema nini. Nikamwambia avae raba, avae na fulana ya bonanza.

Na hapo neno lililotuponza likatuokoa. Njia ileile, magari yaleyale, ila sasa Dokta kavaa raba. Hakuna aliyesimama kumpa lifti. Walipiga honi: "Dokta unatisha!" Akiwa na suti alikuwa mtu mwenye shida, akiwa na raba ni mtu wa mazoezi. Wiki ya pili akaanza kuwaita wanafunzi wake wa uzamili watembee naye wakijadili tasnifu. Mmoja aliniambia sura ya tatu ilinyooka barabarani kuliko ofisini, maana Dokta akitembea hawezi kushika kalamu nyekundu.

Miezi mitatu baadaye akajaza fomu tena. Kazini sifuri, njiani sifuri, mapumziko dakika 40 kwa siku 4. Kukaa, saa 9. Presha 132 kwa 84. Hapo nisijipambe: kidonge alikuwa anameza kila siku, na mwendo peke yake kwa mwenye presha kwa kawaida hushusha ile namba ya juu kati ya 5 na 8, kwa hiyo sehemu kubwa ya sifa ni ya kidonge. Na ulipofika msimu wa mitihani alipotea wiki tano. Nilipomwuliza akanionyesha marundo ya vitabu vya majibu mezani, sikuwa na la kumjibu. Alirudi mwenyewe matokeo yalipopelekwa.

Nilimwona wiki iliyopita, saa 11 na nusu jioni, natoka zamu. Anatembea kwa mwendo ambao sisi tunauita wa wastani: kuongea unaweza, kuimba huwezi. Nyuma yake anakuja Mama wa chai na kikapu chake, kandambili zinapiga lami. Akamfikia. "Shikamoo, mama," Dokta akasema. "Marahaba, baba. Kaza mwendo basi, gari la Mbagala litaniacha." Akampita upande wa kulia, bila kugeuka. Dokta alijaribu kumjibu kitu, pumzi ikamkatikia katikati, akaongeza hatua kumfuata.